Boya Avae Boya

Serikali huliita jaketi okozi. Kwenye mabango ya usalama limeandikwa hivyo kwa herufi kubwa, na hakuna mtu ufukweni aliyewahi kulitaja kwa jina hilo. Pale Kunduchi, mahali boti za faiba zinapochukulia watu wa matembezi kuwapeleka kisiwani, lile vazi la rangi ya chungwa lenye mikanda kifuani huitwa boya, basi. Na hapo ndipo balaa la Lusungu lilipoanzia, kwa sababu katika Dar es Salaam nzima, kuanzia Boko hadi Mbagala, boya ni kitu kingine. Boya ni mtu asiye mjanja. Boya ni yule anayeuziwa kipande cha sabuni ndani ya boksi la simu, akafika nacho nyumbani akaanza kutafuta chaja. Sasa wewe simama mbele ya vijana waliovaa wakapendeza, uwaambie, "Jamani, vaeni maboya." Utachekwa mpaka ukome.

Lusungu alichekwa miaka na miaka, na hakukoma. Mwisho jina lenyewe likamganda. Waendesha boti wenzake wakamwita Boya. Wauza madafu wakamwita Boya. Watoto wa wauza madafu, ambao kwa adabu za pwani walipaswa kumwamkia shikamoo na kupita, walimwamkia, "Shikamoo Mzee Boya," na yeye akaitikia marahaba, maana shikamoo ni shikamoo, huwezi kuipokea nusu.

Alikuwa mtu wa Matema, kule Kyela, kando ya Ziwa Nyasa. Alikuja mjini kijana, akimfuata mjomba wake aliyekuwa akifanya kazi ya kuchuna ngozi machinjioni Vingunguti. Mjomba alimtafutia kibarua palepale, lakini Lusungu hakuiweza ile harufu wala zile kelele za ng'ombe alfajiri. Mtu aliyekulia majini, maji humwita. Akaja Kunduchi, akaanza kwa kushika kamba na kubeba abiria mgongoni wasilowe viatu, akapanda akawa nahodha wa boti ya Bwana Sebastian, mfanyabiashara mwenye boti tatu na tumbo moja kubwa. Akaoa Anastasia, binti wa Songea, msusi. Wakajenga vyumba viwili Boko, baadaye vikawa vitatu, na mbele, upande wa barabara, Anastasia akafungua saluni yake. Mtoto wao, Monica, alikuwa anasoma ualimu Morogoro. Hayo ndiyo maisha yake yote, na kwa mtu wa kawaida ni mengi.

Watu walidhani ana kisa. Dar es Salaam mtu akiwa na msimamo lazima awe na kisa. Walimuuliza, "Kwani wewe nani alikufia majini?" Akajibu kwamba hakuna. Baba yake alikufa kwa kisukari, mama yake yu hai analima mpunga, kaka zake wote wazima. Basi walipokosa msiba, wakakosa na sababu ya kumsikiliza. Laiti angesema alimzamisha mdogo wake kwa mikono yake mwenyewe, wangemwonea huruma na pengine wangevaa. Yeye alikuwa anajua maji tu, na kujua tu hakutoshi. Ukitaka watu wa mji huu wakusikilize, zika kwanza.

Halafu kuna huu msemo wa kipumbavu ulioandikwa nyuma ya kila gari la mchanga: ajali haina kinga. Sijui aliyeubuni alikuwa amelewa nini. Abiria wa Lusungu waliujua kwa moyo kama salamu. Ukimpa mtu boya anakwambia, "Mzee, ajali haina kinga." Ukimwambia afunge mikanda anakwambia siku ikifika imefika. Mtu huyohuyo nyumbani kwake ana geti la chuma, nondo madirishani na mbwa wawili, kwa ajili ya mwizi, lakini kwa ajili ya bahari ana Mungu. Na asubuhi hiyohiyo amekuja kwa bodaboda, kofia ngumu imetundikwa kwenye kioo cha pikipiki, kwa kuwa ameona bora apasuke kichwa kuliko avae kofia iliyovaliwa na watu wengine.

Kusema haki, maboya yenyewe hayakuvutia. Bwana Sebastian alikuwa na maboya mapya, mazuri, ila aliyafungia stoo ndani ya nailoni zake yasipauke, akayatoa siku wakaguzi walipokuja. Ya kila siku yalikuwa yale ya zamani, yamefifia, yananuka jasho la kila mtu aliyewahi kwenda kisiwani. Lusungu aliyachukua kila Jumapili jioni akaenda nayo Boko, akayafua kwa sabuni ya unga, akayaanika kwenye uzio wa saluni. Wateja wa Anastasia walipita wakicheka. "Mama Monica, leo mmeanika ukoo mzima!" Anastasia alicheka nao, maana mteja ni mteja, kisha wakiondoka alifagia nywele sakafuni kwa nguvu.

Alikuwa mwanamke mwenye heshima yake, Anastasia. Mikono yake ilijulikana Boko na Bunju, na mabibi harusi walimfuata kutoka Sinza. Alikuwa pia mwanzilishi wa kikundi cha akina mama kiitwacho Tusemezane, kinachofarijiana kwenye misiba na kuchangiana kwenye harusi. Akina mama wa Tusemezane walikuwa na jambo moja waliloliheshimu kuliko katiba ya kikundi, nalo ni sare. Huwezi kuwa mwanakikundi bila sare. Kila shughuli na kitenge chake, kila kitenge na mshono wake, na picha ya pamoja ndiyo shughuli yenyewe; chakula huja baadaye.

Jumatatu ya Pasaka, Tusemezane waliamua kwenda kisiwani kula samaki. Kwa boti ya nani tena kama si ya shemeji yao? Walishuka ufukweni wamevaa kitenge cha bluu chenye mikufu ya dhahabu, mabega yamepandishwa juu kama paa la kanisa, mawigi mapya. Lusungu akagawa maboya. Wakayapokea kwa ncha za vidole.

"Shem, hili si litatukunjia mabega?" aliuliza Felicitas, mwenyekiti wao, mwanamke mpana mwenye sauti ya kuitia mkutano.

"Vaeni tu, shemeji. Safari fupi."

"Kama fupi si ndio tusivae?"

Wakavaa kwa kumstahi mwenye mume. Boti ilipopita tu zile boti za wavuvi, simu zikatoka, na maboya yakaanza kuvuka vichwa moja baada ya jingine. Lusungu akiwa kwenye injini akapaza sauti, wakamjibu kwa wimbo. Aliyebaki na boya ni Anastasia peke yake. Alilivaa safari nzima, mikanda imefungwa, shingo imesimama, kwa sababu mume wake alikuwa anamtazama na hakutaka kumwaibisha. Ni jambo dogo, lakini wako wake wengi wasiolifanya.

Jioni ile picha iliingia kwenye kundi la simu la Tusemezane. Akina mama wote bluu na dhahabu, nyuma yao maji. Anastasia aliitazama, akaikuza kwa vidole, akaivuta kushoto, akaivuta kulia. Pembeni kabisa palionekana kipande cha bega la rangi ya chungwa. Felicitas alikuwa ameikata picha pale alipoanzia Anastasia, na chini akaandika, "Tumependeza sote jamani, sare oyee!"

"Wamenikata," alisema Anastasia.

"Nani kakukata?" Lusungu alikuwa anaosha miguu uani.

"Kikundi nilichokianzisha mimi. Wamenikata kama ndizi mbovu."

Lusungu akaitazama ile picha na akakosea. Badala ya kumwambia pole, alisema, "Hao wangezama leo, wewe ndiye ungebaki kusimulia." Anastasia akamtazama, akaichukua simu yake, akaingia ndani. Hakulia. Lakini kuanzia siku hiyo, akipita kwenye uzio maboya yakiwa yameanikwa, aligeuza uso.

Lusungu aliumia kwa namna yake. Alijiona mjinga kwamba alikuwa amewaachia wavue, kwamba mkewe alibeba aibu peke yake wakati wenzake wote wamevua. Akajiapiza: tangu sasa boti haitoki mpaka kila mtu amevaa na amefunga, na akivua, boti inarudi. Asiyetaka akae ufukweni ale mihogo. Aliwaambia waendesha boti wenzake, wakapeana macho. Gregori, aliyefanya naye kazi miaka mingi kwenye boti za Sebastian, alimshika bega. "Boya, utakufa njaa wewe. Hawa wamekuja kula bata, kustarehe, hawajaja semina."

Haikupita miezi miwili. Jumamosi moja ya mwezi wa sita lilikuja kundi la kutoka Sinza, kusherehekea siku ya kuzaliwa ya kijana mmoja aitwaye Brightson. Fulana nyeupe zilizochapwa jina lake, mpiga picha, spika kubwa mabegani, keki ndani ya boksi. Walikuwa wamekodi boti nzima. Lusungu akagawa maboya, akasimama kwenye injini na mikono nyuma.

"Mzee, vuta kamba tuondoke," Brightson alisema.

"Nawasubiri mvae."

"Tuvae nini?"

Hapo Lusungu angeweza kusema jaketi. Angeweza hata kusema jaketi okozi kama bango linavyosema. Lakini ulimi una njia yake iliyozoea. "Maboya," alisema.

Wakacheka mpaka boti ikatikisika. Brightson akakinyakua kipaza sauti cha spika, akawageukia wenzake kama mshereheshaji. "Jamani, mie nimelipa kula bata, sijalipa kuvaa boya! Oya, nyie, utaratibu ni huu: boya avae boya!" Akaokota moja, akamvisha Lusungu kichwani kwa nguvu, kama mtu anavyomvisha mtoto fulana, mikanda ikamning'inia masikioni. Simu zote juu. Wasichana wakajiinamia kwa kucheka, na mmoja tu akasema, "Jamani si vizuri, ni baba wa mtu huyo," lakini alisema huku naye anarekodi.

Lusungu akalivua, akalikunja, akaliweka chini. "Boti haiendi," alisema.

Bwana Sebastian akapigiwa simu, akaja kwa gari, akakanyaga mchanga kwa viatu vyake vya ngozi. Hakumfokea. Angemfokea ingekuwa afadhali. Alimchukua pembeni akamwambia taratibu, "Lusungu ndugu yangu, kazi unaijua, nakuheshimu. Ila wewe umeifanya boti yangu hospitali. Mtu akipanda anajiona mgonjwa. Pumzika kidogo. Nitakuita." Kisha akamwita Gregori, na Gregori akavuta kamba bila kumtazama usoni mtu aliyemfundisha kuivuta.

Wakaondoka wamesimama, wanacheza, boti imelalia upande mmoja. Lusungu akakaa ufukweni kuwasubiri. Siku nzima alikaa. Jioni wakarudi. Wote. Wamechomwa na jua, wamelewa, spika inalia, Brightson amebebwa juujuu, na bahari imetulia kama maji kwenye beseni. Gregori alipopita alimwambia, bila ubaya, "Wamerudi wote, Boya. Unaona?"

Ndiyo, aliona. Hicho ndicho kitu kisichosemwa kuhusu watu wanaoonya. Tunasimulia habari za wale ambao maonyo yao yalitimia, tunawaita wenye hekima. Asiyetimiziwa anaitwaje? Bahari ilimfanya Lusungu mwongo mbele ya watu, na ikaendelea kumfanya mwongo kila siku. Bwana Sebastian hakumwita tena.

Nyumbani waliishi kwa saluni. Anastasia hakumsimanga, alimwekea chakula, alimnunulia vocha, na kila alipompa kitu alimpa akiwa ameshageukia kazi yake. Ile video ya boya kichwani ilizunguka. Iliingia hata kwenye kundi la Tusemezane, na Felicitas akaweka vile vikatuni vya kucheka machozi, kisha akaandika, "Samahani Mama Monica, nimecheka tu, shem ni mtu wetu." Mteja mmoja wa saluni aliiangalia palepale kitini, kichwa chake kikiwa mikononi mwa Anastasia, bila kujua huyo mzee ni nani. Anastasia aliendelea kusuka.

Lusungu hakuweza kukaa nyumbani. Mwisho wa wiki alikwenda Kunduchi na kukaa karibu na meza ya Jovina, muuza samaki wa kukaanga, mjane wa makamo mwenye maneno machache. Alimsaidia kupara samaki, akapewa kipande na ugali. Na kutoka pale alizitazama boti. Zilikwenda zimejaa, zikarudi zimejaa. Watu wakiwa wamekaa juu ya ukingo, miguu majini. Watoto wamepakatwa, hawajavalishwa chochote ila miwani ya jua. Zikarudi. Zote zikarudi.

Mwanzoni kila boti iliporudi alishukuru Mungu. Alikuwa mtu mwema, nasema hili mapema ili lisije likasahaulika. Baadaye shukrani ikapungua. Baadaye tena akaanza kujisikia kama mtu aliyenyimwa kitu. Upepo ukivuma alijikuta anainua kichwa. Wingu likikaa vibaya upande wa Zanzibar, moyo ulimchangamka. Alijiambia kwamba anaangalia hali ya hewa kwa mazoea ya kazi. Alijidanganya, na kwa kuwa hakuna aliyekuwa anamsikiliza kwa lolote, hakuna aliyemkosoa.

Ikafika Nane Nane, sikukuu ya wakulima ya mwezi wa nane. Tusemezane wakapanga kwenda tena kisiwani, safari hii kitenge cha kijani na maua meupe. Anastasia alishona mshono wake mapema. Usiku wa kuamkia safari alipiga pasi huku amempa mgongo mume wake.

"Kesho sivai," alisema. "Nakwambia mapema ili usije ukanishtukiza."

"Mama Monica, huu ni mwezi wa upepo wa kusi. Maji ya alasiri si yale ya Pasaka."

"Sivai."

"Mie sijali mtu anacheka nini. Nataka uzima wako."

Aliiweka pasi juu ya kisahani chake. "Baba Monica, mimi nilivaa. Nilivaa kwa ajili yako, nikakatwa. Wamekucheka wewe, wamenicheka mimi, mpaka mtoto Morogoro kaniuliza kama ni kweli yule kwenye video ni baba. Sijakulaumu hata siku moja. Niache siku moja nifanane na wenzangu." Mtu mwenye akili angeishia hapo. Lakini asubuhi, mkewe alipotangulia kwa Felicitas kupaka poda, yeye alichukua boya moja lililosalia pale uzioni, la tangu enzi za kazi, akalifuta vumbi, akalitia kwenye mfuko wa sandarusi, akaenda nalo Kunduchi.

Akina mama walikuwa wameshapanda, kijani tupu, wamebanana kama mafungu ya mchicha. Boti ilikuwa ileile, nahodha Gregori. Watu walikuwa wamezidi. Lusungu aliliona hilo kwa jicho moja. Akaingia majini mpaka magotini, akautoa ule mzigo kwenye mfuko, akamnyooshea mkewe. Alidhani ukimya utakuwa heshima.

Felicitas akafunika mdomo na upande wa kitenge. Mtu nyuma akanong'ona, kwa sauti ya kusikika, "Boya kamletea mkewe boya."

Anastasia alisimama. Uso wake ulikuwa umepakwa vizuri, na chini ya poda ulikuwa umebadilika. Miaka yote ya ndoa, katika ugomvi wa kila aina, hakuwahi kulitamka lile jina. Ufukwe mzima ulimwita mume wake Boya, yeye alimwita Baba Monica.

"Acha uboya wewe mwanamume," alisema. "Rudi nyumbani."

Kicheko kikapasuka. Felicitas akapiga vigelegele. Gregori akavuta kamba, na boti ikageuka na kumrushia Lusungu maji ya chumvi machoni. Alisimama pale ameshika lile vazi mikono miwili mpaka Jovina akamwita, "Baba Monica, toka majini, njoo ukae."

Akakaa. Hakupara samaki siku ile. Aliliweka boya kwenye mchanga kati ya miguu yake, akatazama kisiwa.

Kusi lilianza kuvuma baada ya adhuhuri. Saa kumi maji yalikuwa yamekunjamana, yanapiga mchangani kwa hasira, na wenye boti ndogo wakaanza kuzivuta juu. Boti ya Gregori ilionekana ikitoka kisiwani, doa la kijani. Ilikuja vizuri mpaka katikati. Halafu mlio wa injini ukakatika.

Watu waliokuwa ufukweni wakasimama. Boti ikapoteza mwelekeo, ikageuka ubavu, mawimbi yakaanza kuipiga pembeni, moja, jingine, na vile viguo vya kijani vikaonekana vikikimbilia upande mmoja kwa pamoja, jambo ambalo watu wa boti hawapaswi kulifanya kamwe. Ukingo ukazama ukaibuka. Kelele zikafika nchi kavu, nyembamba, zimechelewa kidogo. Mtu akasema, "Mungu wangu, inalala hiyo." Mwingine akakimbilia boti ya jirani kuisukuma majini.

Lusungu naye alikuwa amesimama. Na kitu cha kwanza kilichompanda kifuani hakikuwa hofu. Kilikuwa furaha. Ilimjaa ghafla, moto, mpaka kwenye masikio, kama mtu aliyeshinda kesi baada ya miaka. Kichwani akaona ufukwe mzima unageuka kumtazama. Akamwona Sebastian, akamwona Brightson, akamwona Felicitas analia anasema shem ulituambia. Midomo yake ikafunguka yenyewe.

"Haya sasa," alisema kwa sauti. "Haya sasa! Boya nani?"

Jovina alikuwa ameshika kijiko cha kukaangia. Aligeuka akamtazama, na kwa muda hakuelewa alichosikia. Kisha akaelewa.

"Baba Monica," alisema polepole. "Mkeo si yumo mle?"

Akaanza kukimbilia maji, akajikwaa kwenye lile boya, akaanguka kwa mikono, akainuka, akaingia majini mpaka kifuani bila kujua anakwenda kufanya nini huko, anapiga kelele za jina la mkewe. Na akiwa pale, mdomo umejaa chumvi, injini ikakohoa, ikakohoa tena, ikashika. Boti ikainua pua. Ufukweni wakapiga makofi.

Walifika wamelowa chapachapa, mawigi yamelala, poda imeandika mistari mashavuni, na wanaimba. Ndivyo watu walivyo, waliopona huimba. Felicitas alikuwa tayari anasimulia jinsi ilivyokuwa, na kwa jinsi alivyosimulia ilikuwa raha tupu. "Nilisema leo tunakwenda, jamani, nikasema Mungu hawezi kutuacha na sare zetu!" Gregori aliruka chini, akamwona Lusungu amelowa mpaka kifuani, akataka kumtania, akaghairi.

Anastasia alishuka wa mwisho. Alimwona mume wake majini na uso wake ukalainika kama ambavyo haukulainika tangu Pasaka. Alidhani amemfuata. Kwa sehemu ilikuwa kweli.

"Ulikuwa unakuja kwa miguu?" alimuuliza, anacheka na machozi yanamtoka. "Baba Monica wewe. Haya, tumerudi. Nisamehe lile neno la asubuhi, lilinitoka tu mbele za watu. Moyoni halikuwemo."

Lusungu alitikisa kichwa. Alitaka kusema na yeye lilimtoka neno. Alitazama meza ya Jovina. Jovina alikuwa anafunga samaki waliobaki kwenye magazeti, ameinama, na hakuinua uso. Angeweza kumwambia Anastasia alichosikia, na hakumwambia, wala hakumsalimia kwa kicheko kama alivyozoea. Aliondoa benchi alilokuwa akikalia Lusungu, akaliweka upande wake wa meza, akatua sinia lake juu yake.

"Nimekuwekea chakula," alisema Anastasia. Alifungua mkoba, akatoa kibakuli cha plastiki kilichofungwa ndani ya nailoni mbili. Wali wa nazi na kipande cha samaki changu, mkavu kabisa, haukuingiwa na hata tone la maji. Katika vurugu zote zile, boti inalala, watu wanamwita Mungu, yeye alikuwa amekikumbatia kifuani kisimwagike. "Nilijua hujala tangu asubuhi. Kula kabla hakijapoa zaidi."

Wakakaa mchangani. Alifungua kibakuli mwenyewe, akamnawisha kwa maji ya chupa, akakaa mbele yake kumtazama anavyokula, kama wake wanavyofanya wanapotaka kusamehewa. Lusungu alikula wote. Hakuweza kubakiza, kwa sababu angemuuliza kwa nini. Kila tonge lilishuka na lile neno lake, na alijua atakula nalo hivyo maisha yake yote, mezani kwa mwanamke ambaye hatajua kamwe kwamba, alipokuwa karibu kufa, mume wake alifurahi kwanza.